Namna ya kuihoji plazma ya leza

Mtoto wa kaka yangu yuko Wete, Pemba. Wiki iliyopita kaniletea ujumbe wa sauti: "Shikamoo shangazi. Ile nafasi ya maabara ya leza nimepata, naondoka mwezi ujao. Wameniambia nitakuwa upande wa vipimo vya plazma. Sasa shangazi, hiyo plazma ya leza inapimwa kwa nini, thamomita?" Nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikaona swali lenyewe si la kuchekwa, maana siku nilipoingia mie maabara ya leza huko Ulaya sikuwa na jibu bora kuliko hilo. Nilikaa kule miaka minne na kazi yangu ilikuwa hiyohiyo ya vipimo. Leo nasomesha fizikia skuli hapa Unguja, na leza pekee niliyonayo ni ile ya kuchezea paka. Lakini niliyojifunza sijayasahau, hasa niliyojifunza kwa kukosea.

Nilianza kumjibu kwa sauti, umeme ukakatika na simu ikazima nikiwa katikati ya maneno. Basi haya hapa kwa maandishi, na mwengine yeyote anayeelekea njia hiyo na asome.

Unayekwenda kumhoji

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Kipande cha alumini kimewekwa ndani ya chemba iliyonyonywa hewa yote, yaani kwenye ombwe. Leza inapiga pigo moja: joule 10 ndani ya nanosekunde 1, lenzi imezikusanya kwenye doa lenye kipenyo cha mikromita 100, kiasi cha unene wa unywele. Piga hesabu mwenyewe, utapata wati 1.3 × 10¹⁴ kwa kila sentimita mraba. Alumini haipati muda wa kuyeyuka kwa adabu. Elektroni zinang'olewa kwenye atomi, na kinachobaki ni mchanganyiko wa ioni, yaani atomi zilizopungukiwa elektroni, na elektroni zilizo huru. Hiyo ndiyo plazma. Vitabu vingine vya Kiswahili huiita utegili. Joto lake hufika mia kadhaa za elektroni-volti. Elektroni-volti 1 ni sawa na kelvini 11,600, kwa hiyo 500 ni karibu kelvini milioni 6. Wala haitulii. Inakimbia kutoka kwenye uso wa alumini kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa sekunde. Ile bahari kati ya Unguja na Pemba, kilomita 50 hivi, ingeivuka kwa nusu sekunde, na wewe ungekuwa hata hujamaliza kutapika ubavuni mwa boti.

Thamomita, kwa hiyo, hapana. Unasimama mbali na kupokea inachokitoa yenyewe, eksirei na mwanga, au unapitisha mwanga wako mwenyewe katikati yake uone umerudi na habari gani.

Jambo la kushika mapema ni kwamba plazma hiyo si kitu kimoja. Karibu na uso wa alumini ni nzito, na leza haiwezi kuingia ndani zaidi ya msongamano fulani wa kizingiti. Kuupata, chukua 1.1 × 10²¹ ugawe kwa mraba wa urefu wa wimbi kwa mikromita. Jibu ni idadi ya elektroni kwa kila sentimita ya ujazo. Leza ya mikromita 1.064 husimamishwa kwenye 10²¹ hivi. Jirani na hapo ndipo penye moto mkali, na ndipo eksirei nyingi zinapozaliwa. Ukitoka nje zaidi plazma ni nyepesi, inapoa, na huko mwanga wa kawaida ndio unaosema. Mashahidi wako wawili, wa eksirei na wa mwanga, hawakusimama mahali pamoja, na mara nyingi hata saa zao hazilingani.

Kwetu mtu akija kusema kauona mwezi haambiwi ahsante akaenda zake. Huulizwa: umeuonea wapi? Jua lilikuwa limeshatua? Pembe zake zilielekea upande gani? Mlikuwa wangapi? Na wakati mwengine hubainika kaona kipande cha wingu. Kazi unayokwenda kuifanya ni hiyo, ila anayehojiwa ni diodi, kile kijicho cha kielektroniki kinachogeuza mwanga kuwa umeme.

Macho na vidole kwanza

Sitarefusha hapa kwa sababu watakusomesha kabla hawajakupa ufunguo. Ila shika mawili. Leza ya nanomita 1064 haionekani kwa jicho, na ndiyo maana ni mbaya zaidi kuliko ya kijani. Miwani ya leza ya kijani haikukingi nayo. Soma maandishi kwenye fremu kila siku, hata kama uliisoma jana: urefu wa wimbi, na namba ya ukali wa kuzuia. Namba 6 maana yake inapitisha sehemu moja tu kati ya milioni. La pili, kalamu ikianguka usiiname ukapitisha macho usawa wa meza. Geuka, fumba macho, chutama, ndipo uokote. Mie nilikuwa na bangili mbili za dhahabu za marehemu bibi. Nilizivua mlangoni kila asubuhi nikazitia kwenye kikombe, maana kitu kinachong'ara mkononi ni kioo ambacho hukukipanga.

Saa sifuri

Watu wote hutaka kuanzia kwenye picha. Wewe anzia kwenye waya.

Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde 1. Ishara ndani ya waya wa osiloskopu, chombo kinachochora ishara ya umeme kadiri muda unavyokwenda, ni mvivu kidogo, hupita kiasi cha sentimita 20, yaani kila mita 1 ya waya inakuchelewesha nanosekunde 5. Plazma yetu inazaliwa na kutawanyika ndani ya nanosekunde chache. Kwa hiyo urefu wa waya ni sehemu ya kipimo.

Hili nililipia. Mtu mmoja alichukua waya wangu wa diodi kwa shughuli zake, kisha kwa ukarimu akarudisha mwengine uliofanana kabisa, mweusi, vichwa vilevile. Ulikuwa na mita 2 zaidi. Wiki mbili nzima eksirei zangu zilitokea nanosekunde 10 baada ya leza kwisha, na mie nimekaa naandika maelezo ya kitaalamu ya kwa nini plazma inachelewa kuwaka. Nilipojua nikaenda dukani nikanunua utepe wa kupimia wa fundi cherehani, na nikachukua uzi wa kushonea kofia nilioletewa na mama. Waya wa mita 1 uzi mwekundu, mita 2 kijani, mita 5 samawati. Nikafunga fundo pande zote mbili. Wenzangu walicheka siku ya kwanza. Kufika mwisho wa mwezi maabara nzima ilikuwa na nyuzi.

Namna ya kuipata saa sifuri: weka diodi ya kasi nyuma ya kioo kimojawapo cha leza, inase mwanga kidogo unaovuja. Hiyo ndiyo adhana yako. Kisha punguza nguvu ya leza mpaka iwe ndogo kabisa, na mahali palipo shabaha, yaani ile alumini, weka kitu cha kutawanya mwanga, hata kipande cha karatasi nyeupe. Kila chombo kinachoona mwanga kitaona mmweko ule kwa wakati wake. Andika tofauti zao. Hapo umeshajua kila shahidi saa yake inakwenda mbele au nyuma kwa kiasi gani. Kwa vyombo vya eksirei pekee visivyoona mwanga itabidi upige shabaha pigo halisi, fupi, na kuhesabu umbali na waya.

Tundu la dirishani

Nyumba tuliyopanga hapa Malindi ni ya mawe, kuta nene, madirisha ya mbao mazito. Mbao moja ina tundu la msumari uliotoka zamani. Saa tatu asubuhi, dirisha likiwa limefungwa, ukuta wa pili wa chumba unapata sinema: muuza kahawa na dele lake anapita kichwa chini miguu juu, baiskeli inapita magurudumu yako darini. Ibn al-Haytham aliyezaliwa Basra alikwishaieleza sayansi hiyo katika karne ya 11. Kamera ya kwanza ya eksirei utakayopewa ni hilo tundu.

Eksirei hazikubali lenzi ya kioo. Zinaimeza au zinapita moja kwa moja. Kwa hiyo unatoboa tundu dogo kwenye bati la metali nzito, tuseme mikromita 10, unaliweka sentimita 5 kutoka kwenye plazma, na kamera unaiweka sentimita 50 nyuma ya tundu. Picha inakuwa kubwa mara 10. Ukungu wa picha, ukiupima kwenye plazma yenyewe, ni kipenyo cha tundu ukizidisha kwa moja jumlisha moja ya kumi, yaani mikromita 11. Unataka picha kali zaidi? Tundu dogo zaidi. Lakini hapo eksirei zinazoingia zinapungua kwa mraba, na picha inakufa njaa. Jaribu dirishani: ziba nusu ya tundu kwa kidole uone muuza kahawa anavyopata sura kali na giza kwa pamoja.

Mbele ya kamera lazima kuwe na chujio la kuzuia mwanga wa kawaida: beriliamu, au alumini nyembamba ya mikromita chache. Beriliamu ni sumu ikiwa vumbi, usiikwaruze. Na mbele ya tundu weka kipande chembamba cha plastiki cha kutupa, kwa sababu kila pigo hurusha matone ya alumini iliyoyeyuka na tundu la mikromita 10 huzibika kama pua ya mtoto wakati wa kusi. Picha zikianza kufifia siku hadi siku, usianze kulaumu leza. Litoe tundu ulitazame kwa hadubini.

Joto kwa machujio mawili, na aibu yangu

Ukitaka kujua joto la plazma kwa chombo rahisi, weka diodi mbili za silikoni pembeni kwa pembeni, moja nyuma ya chujio jembamba na nyengine nyuma ya chujio nene la kitu hichohicho. Eksirei za plazma hupungua kadiri nishati inavyopanda, na plazma ikiwa na moto zaidi mteremko huo hulala, maana eksirei kali zinakuwa nyingi zaidi. Chujio nene hupitisha zile kali tu. Kwa hiyo gawa ishara ya nene kwa ya jembamba: jibu likipanda, joto limepanda. Kuna majedwali ya hesabu hiyo, na siku hizi programu ndogo inatosha.

Mtego uko kwenye kuchagua chujio. Alumini huzipitisha vizuri eksirei zilizo chini kidogo ya keV 1.56 (keV 1 ni elektroni-volti 1,000), kisha ghafla huzizuia zilizo juu ya hapo. Na shabaha yetu ni alumini. Ioni ya alumini iliyobakiwa na elektroni 2 hutoa mstari wake mkali, yaani eksirei nyingi za nishati moja mahsusi, kwenye keV 1.598, pale pale juu ya ukingo. Chujio lako la alumini, basi, litaumeza mstari huo, na beriliamu itauachia. Ukilinganisha chujio la alumini na la beriliamu bila kulifikiria hilo, joto utakalolipata ni la kwako peke yako.

Sasa aibu. Mwaka wa kwanza nilipata joto safi, namba zinafanana pigo baada ya pigo, nikaziweka kwenye mchoro na kumwonesha fundi mkuu wa maabara, mzee mmoja asiye na maneno mengi. Hakuutazama mchoro. Akafungua droo, akatoa kipande cha kioo cha hadubini, kile cha milimita 1, akakipachika mbele ya diodi zangu na kuniambia piga. Eksirei laini kama zetu hazipenyi kioo kile hata kidogo. Mwanga wa kawaida unapita. Nikapiga. Ishara ikashuka nusu tu.

Nusu ya "eksirei" zangu ilikuwa ni mwanga. Chujio lilikuwa na vitundu ambavyo jicho halivioni mchana. Tulipozima taa na kulishika mbele ya tochi, lilikuwa kama anga la Makunduchi usiku wa kiza. Namba zilifanana kila pigo kwa sababu vitundu vilikuwa vilevile kila pigo.

Toka siku hiyo sikuamini chombo chochote kabla ya kukifumba macho. Nataka na wewe ufanye hivyo. Kila diodi, kila kamera, iwekee siku ya kupigwa ikiwa imezibwa: kioo mbele ya chombo cha eksirei, bati nene mbele ya chombo chochote, mwanga wa kupimia ukiwa umezuiwa. Kama kinaendelea kusema kimeona, kinaona kitu chengine. Mara nyingi kitu hicho ni kelele ya umeme. Pigo kali la leza hutikisa nyaya zote chumbani, na osiloskopu isiyowekwa ndani ya sanduku la chuma itachora mlima mzuri kabisa ambao hauna hata fotoni moja ndani yake. Wakati mwengine ni elektroni za kasi. Hizo weka sumaku mbili njiani zizipotoshe kabla hazijafika.

Kristali, kwa ufupi

Ukitaka mistari yenyewe badala ya jumla, utatumia kristali. Tabaka za atomi zake hurudisha kila urefu wa wimbi kwa pembe yake, kwa sheria ya Bragg. Kristali inayoitwa KAP, ambayo nafasi ya tabaka zake mara mbili ni nanomita 2.66, itaurudisha ule mstari wa alumini wa nanomita 0.776 kwenye nyuzi 17 hivi, na ule wa ioni yenye elektroni 1 iliyobaki, nanomita 0.717, kwenye nyuzi 15.6. Wa pili ukipata nguvu dhidi ya wa kwanza, plazma imepanda joto. Hii ni hoja yenye nguvu kuliko ya machujio, kwa sababu vitundu haviwezi kutengeneza mstari mahali pake sahihi. Kristali hiyo huyeyuka kwa maji, kwa hiyo usiiguse kwa vidole vya jasho na usiipumulie. Ingekuwa hapa Mji Mkongwe wakati wa masika isingemaliza wiki.

Jiko la makaa na michirizi

Hili ndilo ninalolipenda, na utaruhusu nikae hapa.

Washa jiko la makaa uwani, saa nne, jua kali. Liweke kama mita 1 kutoka kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kivuli chake kiangukie ukutani. Makaa yakishakolea utaona juu ya kivuli cha jiko kivuli chengine kinachochezacheza, mistari ya mwanga na kiza inapanda. Moshi hakuna. Ile ni hewa ya moto. Mwanga unapita ndani yake kwa kasi tofauti kidogo, unapinda, unakusanyika hapa na kupungua pale. Katika maabara utafanya hivyo hivyo, ila jua ni pigo fupi la leza ya kijani ya nanomita 532 inayopita ubavuni mwa alumini, na ukuta ni kamera.

Kivuli kinakuonesha umbo: ukingo wa plazma uko wapi, wimbi la mshindo limefika wapi. Hakikuambii idadi. Kupata idadi unahitaji michirizi. Mwanga uliopita kwenye plazma unakutanishwa na mwanga uliopita pembeni bila kuguswa, kwa njia rahisi kabisa ya prizimu ya Wollaston na vichujio viwili vya mwelekeo wa mwanga, na vikikutana vinachora michirizi iliyosimama sambamba kama jamvi la ukindu. Palipo na plazma michirizi inasogea. Unahesabu imesogea mingapi.

Hesabu yenyewe: kwa nanomita 532, msogeo wa mchirizi 1 mzima ni elektroni 4.2 × 10¹⁷ kwa kila sentimita mraba ya njia aliyopita mwanga. Tuseme mahali fulani umehesabu michirizi 2.5, na plazma hapo ina upana wa milimita 0.5, yaani sentimita 0.05. Zidisha, gawa: 2.1 × 10¹⁹ kwa kila sentimita ya ujazo. Huo ni wastani wa njia nzima. Ukitaka katikati pana ngapi na pembeni ngapi, unakata picha kwa hesabu ya Abel, ambayo ni kama kumenya kitunguu: unaanza na ganda la nje, unalitoa, unahesabu la pili, mpaka moyoni. Inataka plazma iwe mviringo sawasawa kuzunguka mhimili wake. Na kosa la ganda la nje linarithiwa na maganda yote ya ndani, kwa hiyo namba ya katikati kabisa, ambayo wakubwa wako ndiyo watakayoiuliza kwanza, ndiyo dhaifu kuliko zote.

Usisahau picha ya michirizi bila plazma, ipigwe dakika hiyohiyo kabla ya pigo. Ya jana haifai; vioo husogea vyenyewe usiku chumba kikipoa.

Urefu wa pigo la kupimia ni muhimu kuliko ubora wa kamera. Plazma inayokwenda kilomita 100 kwa sekunde inasogea mikromita 100 kwa nanosekunde moja. Ukiipiga picha kwa mwanga wa nanosekunde 5, imeshasogea nusu milimita na michirizi imefutika kama chapa ya mguu pwani. Tafuta pigo la pikosekunde kama lipo. Kuchagua muda ni kazi ya vioo: sogeza jozi ya vioo nyuma sentimita 15, mwanga unakwenda na kurudi, umechelewa nanosekunde 1.

Karibu na uso wa alumini utaona eneo jeusi bila mchirizi wowote. Huko msongamano unapanda ghafla, mwanga umepindishwa nje ya lenzi. Usiunganishe michirizi kwa kukisia kupita hapo. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo.

Jiwe la matumbawe

Mwaka wa mwisho nilirudi kule na kipande cha jiwe la ukuta wetu, kilichoanguka na mvua za masika. Tulikuwa na leza ndogo ya mezani, pigo la nanosekunde 5, haihitaji hata ombwe. Unapiga hewani na kusoma mwanga kwa spektromita, chombo kinachoutenga mwanga rangi kwa rangi. Ni njia ileile ambayo roboti Curiosity, aliyetua Mirihi mwaka 2012, anaitumia kusoma mawe kutoka umbali wa mita kadhaa. Na ndiyo njia ya vipimo vya plazma ambayo siku moja, inshaallah, tunaweza kuwa nayo hapa.

Pigo likitua, mwanzoni kabisa mwanga ni mweupe mtupu, hauna mistari. Fungua kamera mapema utapata mng'aro usio na habari. Subiri kiasi cha mikrosekunde 1, plazma ipoe mpaka elektroni-volti 1 hivi, ndipo mistari inapoinuka. Kalisiamu ilikuwa kama ninavyotarajia kwa jiwe la matumbawe: nanomita 393.4 na 396.8, mirefu kama minazi. Na sodiamu, 589.0 na 589.6. Lakini mistari ya sodiamu ilikuwa imebonyea katikati, kila mmoja kama una vilele viwili. Mwenzangu akadhani spektromita imeharibika. Ni chumvi ya bahari. Sodiamu iliyopoa iliyozunguka nje ya plazma inameza mwanga wa sodiamu ya ndani, tena palepale katikati ya mstari. Mstari wa namna hiyo usiutumie kupima chochote mpaka ujue umeliwa kiasi gani.

Kupata joto unachukua mistari kadhaa ya ioni moja, unazidisha nguvu ya kila mmoja kwa urefu wa wimbi lake, unagawa kwa namba zake mbili za kwenye majedwali, uzito wa ngazi ya juu (ngazi ya nishati ambayo elektroni huteremka kutoka humo ikitoa mwanga) na kasi ya kutoa mwanga, kisha unachora logi ya jibu dhidi ya nishati ya ngazi hiyo. Mteremko ndio unaokupa joto. Wanafunzi wengi huchukua ile miwili mirefu ya kalisiamu kwa sababu inaonekana vizuri. Ngazi zake za juu ziko elektroni-volti 3.15 na 3.12. Ni sawa na kutaka kupima mteremko wa kilima kwa kusimama kwenye vidato viwili vinavyogusana. Ongeza mistari ya 370.6 na 373.7, ambayo ngazi yake iko 6.47, na ya 315.9 na 317.9 iliyoko 7.05.

Msongamano unausoma kwenye unene wa mstari wa haidrojeni wa nanomita 656.3, na kwa unyevu wa hewa na jiwe haidrojeni haikosekani. Elektroni zikiwa nyingi mstari hunenepa, takriban kwa kipeo cha theluthi mbili: msongamano ukizidi mara 8, unene unazidi mara 4. Kwanza ujue unene wa spektromita yenyewe, maana hata mstari mwembamba kabisa itauonesha na mwili kiasi. Taa ya zebaki inatosha. Kama huna, elekeza kwenye taa ya tyubu ya darini, ile ya zamani isiyo ya LED, ndani yake kuna zebaki, na mstari wake wa kijani uko 546.1.

Mashahidi wakipingana

Watapingana. Michirizi itakuambia 2 × 10¹⁹, mistari ya mwanga itakuambia 10¹⁸, machujio yatasema elektroni-volti 500 na mwanga utasema 30. Usichukue wastani. Rudi kwenye maswali ya mwezi: huyu aliangalia umbali gani kutoka kwenye uso wa alumini? Saa ngapi baada ya sifuri? Kamera ya tundu inakusanya eksirei za pigo zima, kwa hiyo inakumbuka dakika ya moto tu. Spektromita iliyofunguliwa muda mrefu inakumbuka jioni ya plazma. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kila pigo, uandike namba ya pigo, nishati, umbali, chujio gani liko mbele ya chombo gani na lilitazamwa kwa tochi lini, na rangi ya uzi wa kila waya.

Ukija Unguja kupanda ndege, njoo siku mbili mapema. Jiko nitawasha mwenyewe, dirisha utaliona. Uzi wa kofia uko kwa bibi yako hapo Wete, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la vyombo. Chukua rangi nne, na umwambie ni mie niliyekutuma.